Tanga hadi Ziwa Manyara na Watoto: Mwongozo Kamili wa Safari ya Familia kwa Gari Lenu

Kila shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa Juni, watu wa Tanga huniuliza habari ya safari hii, na zikifunguliwa hurudi na malalamiko yale yale. Wamefika getini jua linazama, wamerudishwa. Wamelipia hifadhi, wakakaa ndani saa moja na nusu. Watoto wamelala njia nzima, wameamka Arusha wamenuna na hawataki kuona hata twiga. Wengine wamesimama dirishani na noti mkononi, wanaambiwa pesa taslimu hazipokelewi.

Karibu yote hayo yana chanzo kimoja: safari imepangwa kwa kilomita. Baba anaangalia ramani, anaona Tanga mpaka Mto wa Mbu, mji ulio langoni mwa Ziwa Manyara, ni kama kilomita 550, anasema siku moja inatosha. Kufika mtafika. Lakini kibali cha kuingia hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, huhesabiwa kwa saa, na kwa kawaida ni cha kuingia mara moja tu. Ukiingia saa 10 jioni, ukatoka saa 12 kwenda kulala gesti, umekimaliza. Tena wanyama huonekana zaidi alfajiri na jioni. Saa za jua kali wengi wako kivulini.

Kwa hiyo mpango huu wote umesimama juu ya jambo moja: mnalala karibu na geti, mnaingia linapofunguliwa, na barabara ndefu mnaiendesha mchana baada ya kutoka hifadhini. Njia ni Tanga, Same kwa ajili ya Hifadhi ya Mkomazi, Moshi, Tengeru kwenye Ziwa Duluti, Momella ndani ya Hifadhi ya Arusha, kisha Mto wa Mbu kwa ajili ya Ziwa Manyara. Siku saba, kwenda na kurudi.

Vitu vya kuandaa

Nyaraka na simu:

- Kitambulisho cha Taifa cha kila mtu mzima, bibi na babu wakiwemo.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hata nakala. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi kiingilio. Wa miaka 5 hadi 15 hulipa kiwango cha mtoto.
- Leseni, bima na kadi ya gari.
- Simu mbili za mitandao tofauti, zote zina salio la kulipia.

Gari:

- Spea yenye upepo, jeki, na spana inayoingia kweli kwenye nati za magurudumu yenu. Ijaribu nyumbani.
- Kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini ya jeki. Kwenye mchanga jeki huzama, gari halinyanyuki.
- Pampu ndogo ya upepo ya kuchomeka kwenye gari, na geji.
- Triango mbili na mtungi wa kuzimia moto. Trafiki ataviuliza.
- Kamba ya kuvutia na sepetu.
- Dumu la maji la lita 20, mbali na maji ya kunywa.

Watu:

- Chakula kwenye vyombo vyenye mifuniko inayobana. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo bebeni vikapu.
- Nguo za kaki, kijani au kahawia. Mbung'o (nzi wa malale) huvutwa na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi, na kuumwa kwake kunauma kweli.
- Masweta na soksi. Mtoto aliyekulia Tanga hajui baridi ya Momella alfajiri ya Juni.
- Darubini, hata moja ya bei nafuu, na utaratibu wa kupokezana.
- Chandarua, dawa ya mbu ya kupaka, paracetamol, paketi za ORS za kuchanganya na maji mtu akiharisha, na dawa za kila siku za wazee ziwe za siku kumi, si saba.
- Ndoo ndogo yenye mfuniko kwa mtoto anayetapika garini. Ikae miguuni pake, isiwekwe buti.

Hatua ya 1: Weka tarehe

Juni na Julai ndiyo miezi yake. Masika ya Machi hadi Mei yamekwisha, shule zimefungwa, njia za ndani zinakauka. Disemba inawezekana, lakini vuli huwa bado ina mvua, na udongo mweusi wa mbuga ukinyeshewa hushika tairi mpaka linageuka donge. Hapo gari zito ndilo linalozama zaidi. Ukilazimika kwenda Disemba, nenda na gari la fo-wili au iache Mkomazi.

Weka tarehe ya kurudi angalau siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Dereva anayewahi kitu njiani huwa anakimbia, na barabara ya Segera hadi Same haitaki mtu wa kukimbia.

Hatua ya 2: Amua gari, kisha mpelekee fundi

Lami ni nzuri kutoka Tanga mpaka karibu na lango la Manyara. Noah, IST au gari lolote la familia litapita. Shida iko ndani ya hifadhi, na si tope peke yake. Ndani ya gari la chini mtoto wa miaka saba anaona majani. Mwezi Juni nyasi bado ndefu, simba akilala hatua chache kutoka njiani hamumwoni. Gari la utalii lililo juu, lenye paa la kufunguka, hubadilisha kabisa anachokiona mtoto.

Ushauri wangu: safirini na gari lenu kwenye lami, na kwa asubuhi ya Mkomazi na ya Manyara kodini gari la juu pamoja na dereva anayeijua hifadhi. Pangeni kabla ya kuondoka Tanga, hasa la Same, kwa sababu pale magari hayo si mengi kama Arusha au Mto wa Mbu. Pesa hiyo iondoeni kwenye gesti ya kifahari. Hakuna mtoto atakayekumbuka mashuka.

Fundi aonekane wiki mbili kabla, wala si jana yake. Kifaa kipya kikikosewa kufungwa, kijulikane mkiwa bado Tanga, kabla hakijawasimamisha Hedaru, katikati ya njia ya Same. Mwambie aangalie breki, rejeta na mabomba yake, belti, na betri. Chumvi ya bahari hula magari yetu: mabomba ya breki chini ya gari na vichwa vya betri huota kutu kabla ya vitu vingine.

Tairi ziangalie mwenyewe. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa limepita miaka sita, hata kama meno yapo, liinamie na ulibonyeze ubavuni kwa kidole gumba. Ukiona nyufa nyembamba zinafunguka, hilo haliendi safari ya lami ya moto na mzigo wa watu saba. Angalia na spea, kwa maana spea nyingi ni za kuzaliwa na gari.

Hatua hii imekamilika ukishaendesha gari likiwa na mzigo mpaka Muheza na kurudi, sindano ya joto ikabaki mahali pake.

Hatua ya 3: Hesabu mafuta na pesa

Tanga hadi Mto wa Mbu kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,100. Ongeza 250 za kuzunguka hifadhini, gesti na sokoni. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10 litahitaji lita 135 hivi. Weka hesabu ya lita 160, kwa sababu njia za vumbi na gia ndogo hula mafuta.

Gawa pesa mafungu manne: mafuta, viingilio na gari la kukodi, malazi na chakula, na akiba ya dharura isiyoguswa. La mwisho akae nalo mtu mwingine, asiwe dereva. Ndani ya fungu la mafuta weka la trafiki pia, kama mnajijua miguu mizito: faini ya barabarani hutozwa kwa kila kosa.

Hatua ya 4: Malipo ya hifadhi

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa hiyo nitaenda polepole.

Hifadhi za taifa hazipokei pesa taslimu. Unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoita kontroo namba, kupitia benki, kadi au simu. Namba hiyo hutolewa na TANAPA baada ya kutaja hifadhi, tarehe, idadi ya watu na umri wao, uraia, na gari. Unaweza kuiomba mapema au kuipata getini.

Omba mapema. Getini mtandao huweza kusuasua, na saa unazosubiri ni zile zile ambazo wanyama wako nje. Ukiomba, uliza viwango vya siku hiyo, kwa maana hubadilika, na uliza kama vimejumlisha VAT. Uliza pia saa ya geti kufunguliwa na kufungwa. Kwa kawaida magari ya wageni hayatembei ndani usiku. Panga kana kwamba siku ya hifadhi inaanza saa 12 asubuhi na kuisha saa 12 jioni.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango kilicho chini sana kuliko cha mgeni wa nje. Lakini lazima uraia uthibitishwe. Karani atamsalimia bibi, "Shikamoo bibi, naomba kitambulisho," na bibi atajibu, "Marahaba mwanangu, kiko kwa huyu mwanangu." Basi kiwe kwako kweli. Kusanya vitambulisho vyote usiku wa kuamkia safari, uvifunge kwenye bahasha moja pamoja na vyeti vya watoto, na bahasha ikae kwenye droo ya gari.

Onyo: gari lina malipo yake, tofauti na ya watu, na kiongozi au dereva wa kukodi naye anaweza kuhesabiwa. Muulize mwenye gari kama bei yake imejumuisha kiingilio cha gari. Ugomvi mwingi wa getini huanzia hapo.

Umefanikiwa ukiwa na ujumbe wa malipo kwenye simu mbili, umepigwa picha, na mmoja umeandikwa kwenye karatasi. Simu huzima chaji.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, Tanga hadi Same

Ni kama kilomita 250. Ondokeni saa 12 asubuhi, watoto wakiwa wamekunywa chai nyepesi bila mafuta mengi. Kitumbua na safari ya kona havipatani tumboni.

Simameni mara tatu hata kama hakuna aliyeomba. Mara ya kwanza Muheza au Segera, kama kilomita 75 kutoka Tanga, kwa ajili ya choo. Ya pili Korogwe au Mombo, kula na kunyoosha magoti ya wazee. Ya tatu Hedaru, ambako joto limeanza kupanda na upepo wa tambarare unasukuma gari ubavuni. Shikilia usukani kwa mikono miwili unapopishana na basi au lori hapo.

Pale Mombo mtu mmoja atatoa wazo la kupanda Lushoto, "mara moja tu, tuone." Kataeni. Lushoto ni kuzuri, kunastahili safari yake. Kupanda na kushuka kunakula nusu ya siku, na kona zile zitamaliza ndoo yote ya mtoto mtapishi.

Kila kijiji kina kibao cha 50. Kiheshimu mpaka uone kibao cha kumaliza, hata kama nyumba zimekwisha. Tochi ya trafiki ya kupima mwendo mara nyingi hupigwa hapo katikati, na zaidi ya tochi, mbuzi na watoto wa shule wanavuka hapo.

Mkifika Same, mchana tu, fanyeni mambo matatu: jazeni tangi, kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta, onaneni na dereva wa gari la kukodi uso kwa uso, na waogesheni watoto wawahi kulala. Msishawishike kuingia hifadhini jioni hiyo.

Hatua ya 6: Siku ya pili, Mkomazi

Geti la Zange liko kilomita chache tu kutoka Same mjini. Muwe pale kabla halijafunguliwa.

Kwanza waambieni watoto ukweli. Mkomazi ina vichaka vizito na wanyama wake ni waoga kuliko wa hifadhi zinazojaa magari. Mtoto anayetarajia makundi kama ya Serengeti ataanza kulia njaa saa 2. Mtoto aliyeambiwa atafute choroa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, au swala twiga anayesimama kwa miguu miwili kula majani ya juu, atashinda dirishani. Mpeni kila mmoja mnyama wake wa kutafuta. Kazi hiyo huwatuliza kuliko simu yoyote.

Anzeni na upande wa bwawa la Dindira, kwa sababu palipo na maji asubuhi pana wanyama: twiga, pundamilia, kongoni, pofu. Tembo hutegemea msimu, maana hifadhi hii inapakana na Tsavo ya Kenya na tembo huvuka mpaka wanavyotaka. Mbwa mwitu wapo, ila kuwaona ni bahati. Faru weusi wamo ndani ya eneo lililozungushiwa uzio, na kuwaona kuna utaratibu wake na malipo yake. Ulizeni wakati wa kuomba namba ya malipo, msisubiri kuuliza mkiwa ndani.

Mkisimama kutazama, zimeni injini. Dakika mbili za kwanza hamtaona kitu. Kisha sikio moja litapepea kichakani, halafu la pili, na mtagundua kundi zima la swala lilikuwa linawatazama tangu mwanzo. Madereva wenye haraka hupita hapo wakisema Mkomazi haina wanyama.

Maonyo ni machache, lakini hayajadiliwi. Hakuna kushuka garini isipokuwa mahali palipoonyeshwa. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Hakuna kumlisha mnyama. Mtoto akibanwa na haja ndogo, muulizeni dereva, naye atachagua uwanja wazi. Asishushwe karibu na kichaka.

Tokeni saa 6 mchana. Kuleni Same, kisha endesheni hadi Moshi, kama kilomita 105, mfike jua likiwa juu. Mmefanikiwa kama watoto wanabishana garini nani ameona nini.

Hatua ya 7: Siku ya tatu, Ziwa Duluti

Hii ni siku ya kupumzika, na msiiondoe eti muende mbele haraka. Bila hiyo, siku ya nne watoto huchoka na hifadhi ya pili inakuwa adhabu.

Watu huniuliza kwa nini sichagui Ziwa Chala, Jipe au bwawa la Nyumba ya Mungu, ambayo yako njiani au karibu na njia. Chala ni zuri mno, lakini ni ziwa la kreta lenye kuta kali, na kushuka mpaka majini na bibi na mtoto wa miaka minne ni taabu. Nyumba ya Mungu ina samaki, ila kwenda, kula na kurudi kunakula nusu ya siku. Jipe ni la watu wazima wenye muda. Duluti liko Tengeru, kando ya barabara kuu, kama kilomita 15 kabla ya Arusha mjini. Limezungukwa na msitu wa hifadhi, na njia ya kuzunguka ukingoni mtoto anaitembea akiimba.

Onyo langu kubwa la safari nzima liko hapa. Mtoto wa Tanga akiona maji anavua shati. Amezoea ufukwe wa Raskazone, anajua kuogelea, anaamini maji yote ni rafiki. Maziwa ya bara hayana tabia ya bahari. La kreta huanza na kina ghafla, hakuna pa kutembea taratibu. Mengine yana viboko na mamba. Na maji baridi ya ukingoni, palipo na majani na konokono, yanaweza kuwa na kichocho. Waambieni mapema, mkiwa bado hotelini, kwamba safari hii ni ya kutazama maji. Mkipanda mtumbwi, kila mtu avae jaketi okozi, na la mtoto lifungwe kamba zote kabla hajakanyaga mtumbwi.

Lalani Tengeru au Usa River. Geti la kesho liko upande huo.

Hatua ya 8: Siku ya nne, Momella

Hifadhi ya Arusha mnaiingilia kutoka Usa River. Vaeni masweta. Pitieni msitu wa Ngurdoto kwanza, mkiangalia juu mitini kwa mbega weusi wenye mikia myeupe, kisha ukingo wa kreta. Kushuka ndani hakuruhusiwi, kutazama kunatosha.

Halafu maziwa ya Momella. Kila ziwa lina madini na mwani wake, ndiyo maana rangi hazifanani: moja kijani, jingine karibu na bluu. Ni maji ya magadi. Flamingo huja na kuondoka kulingana na chakula, hivyo msiwaahidi watoto idadi. Simba hapa hawapo, na mwambieni mapema yule anayewasubiri. Twiga na nyati wapo kwa wingi. Njia kuu za ndani zinaweza kupitika kwa gari la kawaida kukiwa kukavu, ila ulizeni getini asubuhi hiyo hiyo.

Saa 6 mchana tokeni, mle, muelekee Mto wa Mbu, kama saa tatu. Barabara ya baipasi itawaepusha na foleni ya Arusha mjini. Makuyuni mnakata kulia.

Hatua ya 9: Siku ya tano, Ziwa Manyara

Lango liko pembeni kabisa ya mji wa Mto wa Mbu, kwa hiyo kuwahi si tatizo. Tatizo ni nyani.

Wako kwenye maegesho ya getini wanawasubiri. Wanajua sauti ya mfuko unaofunguliwa, wanajua kioo kilichoachwa nusu, na wanajua mtoto mwenye ndizi ni dhaifu kuliko mtu mzima. Nyani dume ana meno ya kutisha. Fungeni vioo vyote kabla ya mtu wa kwanza kushuka. Chakula chote kiwe ndani ya chombo chenye mfuniko, chini ya kiti, na matunda yaachwe gesti. Akimnyakua mtoto kitu, mtoto aachie. Wazoezeni neno hilo garini: "Achia!" Hakuna biskuti yenye thamani ya mkono.

Mkishaingia, endesheni taratibu sana kilomita za kwanza. Ni msitu mrefu unaolishwa na maji ya chini ya ardhi yanayochuruzika kutoka ukuta wa Bonde la Ufa, na tembo hutokea ghafla kwenye kona. Akiziba njia, simameni mbali, zimeni muziki, msubiri. Akikunja masikio na kuja, rudini nyuma polepole. Honi ni kosa.

Baada ya msitu, ulizieni mahali pa kutazama viboko, kisha ukingo wa ziwa. Kiwango cha maji hupanda na kushuka, na mwaka wa maji mengi baadhi ya njia za ukingoni huwa zimefungwa. Simba wa kupanda miti ndio walioipa hifadhi hii umaarufu, lakini kuwaona ni nadra. Tazameni matawi mapana yaliyolala. Mkia unaoning'inia ndio unaowasaliti.

Mchana rudini mjini, nendeni sokoni mkawaonjeshe watoto ndizi nyekundu, na mlale tena Mto wa Mbu.

Kama mna siku mbili tu

Achaneni na kaskazini, nendeni Saadani, hifadhi pekee ya TANAPA inayofika ufukweni mwa bahari. Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50. Vukeni mto upande wa Bweni, mfuate pwani kupita Mkwaja mpaka geti la Madete. Utaratibu wa malipo ni ule ule. Mbung'o ni wengi kuliko Manyara, na udongo wake mweusi hausamehi mvua, hata ya usiku mmoja. Ufukwe wa Madete ni mazalia ya kasa: hakuna kuwasha tochi ufukweni usiku wala kukanyaga mahali palipowekewa alama.

Hatua ya 10: Kurudi, siku ya sita na ya saba

Gawanyeni njia. Siku ya sita mpaka Moshi, kama kilomita 200. Ya saba Moshi hadi Tanga, kama 355, mkiondoka alfajiri. Kurudi ndiko kwenye hatari zaidi, kwa sababu dereva amechoka na kila mtu anataka kitanda chake. Kama kuna madereva wawili, badilishaneni Same na Korogwe. Kama ni mmoja, alale dakika ishirini Korogwe, funguo zikiwa kwa mtu mwingine. Kabla ya kuondoka Moshi pimeni upepo wa tairi zikiwa bado baridi. Mawe ya njia za hifadhini hutoboa polepole, na pancha ya namna hiyo hujitokeza siku ya tatu au ya nne.

Mkishafika, osheni chini ya gari kwa maji mengi, kisha mchunguze miili ya watoto kama kuna kupe, hasa nyuma ya masikio na kiunoni. Na kwa mwezi mzima unaofuata, mtoto au mzee akipata homa, msimpe dawa ya kutuliza mkasubiri. Mpelekeni akapime malaria siku hiyo hiyo, mkamwambie daktari mlilala wapi na kama aliumwa na mbung'o.